Ukarimu kwa Majirani Hapa Lubumbashi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tunaulizwa mlangoni baada ya ibada, kwenye mikutano ya shirika (jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa), na kwa simu saa ambazo mtu alipaswa kuwa amelala. Wanaouliza ni Wakatoliki, Wamethodisti, Wapentekoste, na wengine wasiopenda kusema wanasali wapi. Tumejibu kwa kufuata maisha ya malupango, yaani viwanja vyenye nyumba na ua, ya Katuba, Kenya, Ruashi na mitaa mipya ya Annexe, komini (wilaya) za mji huu. Msomaji wa Bukavu au Kalemie atabadilisha majina ya vyakula na kuendelea.

Nimehamia mtaa mpya. Nisubiri majirani waje kunisalimia, au niende mimi?

Nenda wewe. Wapo wazee wanaoshikilia kwamba mgeni hutembelewa na wenyeji, na utaratibu huo unafaa sana kijijini, ambako habari za mgeni hufika kabla mzigo wake haujashushwa. Huku Annexe, kwenye viwanja vilivyokuwa mashamba ya mahindi juzi juzi tu, kila mtu ni mgeni na kila mtu anamngoja mwenzake. Miezi inapita, mnajuana kwa rangi ya lango.

Nenda jioni jua likiwa limepoa, kabla mbabula (jiko la makaa) haijawashwa. Saa ya chakula iache, maana utamtia mama mwenye nyumba aibu ya kupima kama bukari (ugali) inatosha. Piga hodi langoni, ungoje uitikiwe. Sema jina lako, nyumba uliyoingia, ulikotoka, watoto wako wanasoma wapi. Nusu saa inatosha. Zawadi kubwa usibebe: mtu akipokea kitu kizito siku ya kwanza anaanza kuwaza atalipa nini. Mwanamume asiende peke yake kwa mama anayeishi bila mume. Aongozane na mke wake, dada yake au mtu mzima mwingine.

Ukishamaliza wa kushoto, wa kulia na wa mbele, mfikie chefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wenu. Siku ya matatizo utafurahi kwamba anaijua sura yako.

Sisi ni wapangaji, familia nne lupango moja, choo kimoja, bomba moja. Tunaonana kutwa. Kuna haja gani ya kukaribishana tena?

Kuonana kutwa ndiko kunakoleta ugomvi. Kabla ya kufikiria chakula, tazameni zamu ya kufagia, zamu ya choo, na nani analipa maji mwezi huu. Mkristo anayeimba kwaya Jumapili na kuruka zamu yake Jumatatu hana haja ya kualika mtu. Tayari ameshasema ya kutosha. Zamu zikishakaa sawa, pikeni pamoja mara moja: mmoja alete unga, mwingine sombe (kisamvu), mwingine makala (makaa), mwingine samaki. Hapo hakuna mwenyeji wala mgeni, na mwenye lupango akipita aitwe naye.

Sina kitu. Mshahara hauvuki nusu ya mwezi. Nitamkaribishaje mtu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na linaongezeka kuanzia Januari hadi Machi, mahindi mapya yakiwa bado shambani na meka (kipimo) ya unga ikipanda bei. Mkoa wetu wa Haut-Katanga unategemea sana mahindi ya Zambia yanayoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikizuia mahindi yake yasitoke, mama wa Katuba anajua kabla ya redio.

Basi usimwalike kwa bukari. Mwalike kwa kalanga, kwa viazi vitamu vya kuchemsha, kwa maembe ya Novemba na Desemba, kwa mahindi mabichi ya kuchoma yanapotoka. Chai ya mchaichai uliochumwa kando ya ukuta ni chai kamili. Na kuna munkoyo, ambao sijui kwa nini vijana wanauonea haya: uji wa unga wa mahindi ukishapoa unatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, unaachwa usiku mmoja, asubuhi umekuwa mwepesi na mtamu. Ndoo moja inazunguka lupango zima na gharama yake ni ndogo kuliko kreti ya soda.

Kinachoua ukarimu hapa mjini ni fahari. Mtu anakopa ili anunue kuku wawili, wageni wanakula, wanashukuru, deni linabaki, na mwaka mzima hakuna anayeitwa tena. Ibrahimu alichinja ndama kwa wageni watatu, lakini Ibrahimu alikuwa na mifugo. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo kwenye chupa, na Eliya alikula kwake. Biblia haikusema kwamba mmoja alikaribisha vizuri kumpita mwenzake.

Jirani alikuja, akakaa, akaongea vizuri, lakini hakugusa chakula. Je, amenidharau?

Huenda ameshiba. Huenda ana kisukari na hataki kujieleza. Na huenda anaogopa. Tuseme wazi: hofu ya kulishwa kitu kibaya ipo, hata kwa watu waliobatizwa zamani, na haiondoki kwa mahubiri ya mezani.

Inapungua kutokana na jinsi unavyoandaa. Soda ifunguliwe mbele ya mgeni, kizibo aone kikitoka. Usimletee glasi iliyojazwa jikoni. Maji ya kunawa yatoke kwenye birika moja kwa watu wote. Bukari iwe sahani moja, mboga bakuli moja, na mwenye nyumba amege tonge la kwanza. Bibi zetu walifanya hivyo bila kutoa sababu. Sahani za kila mtu na yake, zilizopakuliwa jikoni na kufunikwa, zinaonekana za kisasa, ila kwa mgeni mwenye wasiwasi ndizo mbaya kuliko zote. Kama bado hali, weka kalanga zenye maganda. Anachukua mwenyewe, anamenya mwenyewe, mnaongea.

Juma linalofuata nenda kwake, na ukipewa chochote, kula.

Kwetu kuna Waislamu, Wakimbangu (wa kanisa la Simon Kimbangu), Waadventista na Mashahidi wa Yehova. Nitapika nini?

Uliza. Hakuna anayeudhika kuulizwa. Ila haya machache yajue mapema.

Mwislamu hali nguruwe, hanywi pombe, na nyama anakula ya mnyama aliyechinjwa kwa utaratibu wa dini yake. Samaki, sombe bila nyama na bukari havina shida, mradi sufuria haikupikia nguruwe. Ukitaka kuku, mpe yeye amchinje: tayari mnapika pamoja. Mwezi wa Ramadhani usimwite mchana. Akikuita kufuturu, fika kabla ya jua kuzama, usije saa moja baadaye ukakuta vyombo vinaoshwa. Idi akikuletea sahani, isirudi tupu.

Mkimbangu hanywi pombe, havuti tumbaku, hali nguruwe wala nyani. Mwadventista anaacha nguruwe na pombe, na pia samaki wasio na magamba, kwa hiyo kambale wako mtamu ataishia kwa watoto wako. Sabato yake inaanza Ijumaa jua likizama, usimpangie kazi ya lupango Jumamosi. Shahidi wa Yehova hatakuja kwa Noeli wala kwa sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto, lakini mwite Jumanne isiyo na sherehe uone kama hatakuja. Mkatoliki Ijumaa za Kwaresima haandaliwi nyama.

Zamu yako ya kualikwa ikifika, Paulo alishawajibu Wakorintho: kula unachoandaliwa.

Na pombe?

Kama kanisa lako linakataza, usiweke, na usiombe radhi. Mgeni akija na chupa yake, mwambie kwa upole kwamba kwako hainywewi. Wengi wanaelewa, wanairudisha mfukoni. Kama kanisa lako haliikatazi, kumbuka kuna jirani anayepigana nayo na hajakwambia. Na munkoyo wa siku ya tatu si ule wa siku ya kwanza. Tumeona wazee wa kanisa wakishangaa kwa nini leo wanacheka sana.

Nikishamkaribisha, lini nimwalike kanisani? Kama simwambii habari za Yesu, si ni kazi bure?

Watu wa mji huu wanakijua chakula chenye tangazo ndani yake. Wamekila wakati wa uchaguzi na wamekila kwa wauza dawa za miti. Ukimwita jirani, akamaliza kunawa mikono, kisha ukatoa karatasi ya mkutano wa injili wa Ijumaa, ameshajua bei ya samaki wako. Mara ya pili atasema ana safari ya Likasi.

Ombea chakula kwa ufupi. Tunao ndugu wanaoomba mezani kuanzia Adamu hadi Ufunuo, huku bukari ikikauka juu na mgeni Mwislamu akitazama vidole vyake. Sentensi mbili zinatosha. Usifiche kwamba unasali. Biblia yako ikae pale inapokaa siku zote. Akikuuliza kwa nini ulimsamehe yule aliyekuibia betri ya gari, mweleze sababu yote bila kuogopa. Petro aliandika tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye, kwa upole. Anayejibu kabla hajaulizwa amevuruga mpango wa Petro.

Tena tazameni Yesu mwenyewe. Katika Injili anaandaa mara chache. Mara nyingi yeye ndiye mgeni. Kwa Zakayo alijialika, na maneno ya toba yalitoka kinywani mwa Zakayo. Kwa mwanamke Msamaria kisimani alianza kwa kuomba maji. Wale sabini aliowatuma aliwaambia wale na kunywa walivyopewa katika nyumba watakayoingia. Sisi tunataka tuwe wenye kutoa siku zote, kwa sababu anayetoa anakaa kiti cha juu. Jaribu kuomba. Azima ngazi ya jirani. Muulize fundi gani alimchimbia kisima. Mpe simu yako yenye matatizo mtoto wake mwanafunzi aitazame. Mtu uliyemwomba msaada hakuogopi tena, na siku atakayotaka kuuliza habari za Mungu atajua pa kubisha.

Kanisani mwalike kama unavyomwalika harusini: kuna ubatizo wa mtoto wangu, njoo ule nasi. Akija, amekuja; asipokuja, kesho mnasalimiana vilevile.

Jirani yangu amekasirika na kanisa letu kwa sababu ya ibada za usiku.

Ana haki. Vipaza sauti vimeelekezwa dirishani kwake, mtoto wake ana mtihani, yeye anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni. Mchungaji aende mwenyewe, asimtume shemasi, amuulize saa gani inamfaa, na ibada ya usiku ifanywe bila vipaza sauti. Mungu anasikia. Hakuna kikapu cha maembe kitakachofaa kitu kama kelele zinaendelea.

Kuna anayekuja kuomba kila siku: chumvi, makala, mafuta, moto. Nifanyeje?

Tofautisha anayeomba kwa sababu hana na anayeomba kwa mazoea. Wa kwanza, kaa naye siku moja mtulivu ujue tatizo. Huenda mume hajalipwa tangu miezi iliyopita, na kinachohitajika ni meka ya unga na mtu wa kuzungumza na shirika, si kijiko cha chumvi kila jioni. Wa pili, mwambie ukweli mkiwa wawili: “Mama, leo sina, na kesho pia nitaomba unisamehe.” Usimjibu kwa kumtuma mtoto aseme haupo. Watoto wanajifunza hapo.

Kisha na wewe azima kwake. Elisha alimwambia mjane aende kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, wala asiombe vichache. Anayeomba siku zote bila kuombwa kitu anajiona mdogo, na mdogo huyo ndiye anayekusema vibaya bombani. Mithali nayo inatuonya tusizidishe miguu kwenye nyumba ya jirani asije akatuchoka, neno ambalo lingebandikwa kwenye malango mengi, likiwemo la kwetu.

Kuna kilio nyumba ya tatu. Hatujawahi hata kusalimiana. Niende?

Nenda leo. Kilio hakina kadi ya mwaliko, na aliyekuja siku hiyo hasahauliki. Tunajua watu waliokaa avenue moja miaka bila kujuana, wakajuana usiku mmoja kando ya moto wa kilio.

Peleka vitu. Wakati huo nyumba ina watu wengi kuliko ndoo zake: bidoni za maji, makala, unga, viti, turubai kama mvua inatisha. Andika jina lako kwenye orodha ya michango, hata kama ni kidogo. Orodha hiyo itasomwa baadaye na familia itajua ninyi ni nani. Mama akiingia ndani alipo mfiwa, akae chini kwenye mkeka kama wengine. Asisimame akihubiri. Maneno “Mungu amempenda zaidi” yaache. “Alikufa na nini?” liache pia, hasa hilo, maana nusu ya ugomvi wa kilio unaanzia kwenye jibu lake. Kama hujui la kusema, sufuria ziko nyuma ya nyumba, zina ukoko, hakuna anayezitaka. Wanaume, laleni nje usiku mmoja.

Baadhi ya makanisa yanakataza waumini wake kulala kwenye kilio kwa kuogopa mila. Unaweza kukaa usishiriki mila usiyoikubali. Hatujawahi kuona mtu akipoteza imani kwa kuosha sufuria.

Lakini kazi kubwa ya jirani inaanza turubai likishaondolewa. Kwenye kilio walikuwa watu mia. Majuma matatu baadaye mjane yuko na watoto na mlango umefungwa. Ndipo nao ndugu wa marehemu wanapokuja kuhesabu viti na televisheni. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inamlinda mjane aendelee kutumia nyumba aliyoishi na mumewe, na watoto ni warithi wa kwanza, lakini kanuni hiyo haijisomi yenyewe pale sebuleni. Jirani akiwa amekaa pale na chai yake, watu wanapunguza sauti. Akihitaji kwenda komini au mahakamani, msindikize.

Avenue yetu watu wa Kasai na watu wa Katanga hawatembeleani. Nianzie wapi?

Anzia mbali na kabila. Lubumbashi ilianzishwa 1910 kwa sababu ya shaba, na kampuni ya migodi ya Union Minière na reli zilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na nchi ambayo leo ni Zambia. Malupango mengi ya Kenya na Kamalondo yana babu aliyeshuka kwenye treni. Hilo halifuti yaliyotokea. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi sana wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi; familia zililala kwenye vituo vya reli zikingoja treni, na wengine walifia hapo. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi kwenye avenue yako. Na upande wa pili yupo Mkatanga aliyekulia na malalamiko ya baba yake juu ya nani alipewa kazi na nani alinyimwa.

Kwa hiyo swali la “wewe ni kabila gani?” lisiwe la kwanza, wala la kumi. Uliza kazi, watoto, shule. Akianza mwenyewe kusimulia ya 1992, msikilize hadi mwisho. Usimrukie na ya babu yako. Utani wa makabila uache mezani hadi wenyewe wajitanie. Na uongee na watoto wako kabla wageni hawajafika, maana wanayoyasikia nyumbani wanayatoa bila kuchuja.

Njia tunayoipenda ni jikoni. Watu wengi wa Kasai wanachanganya unga wa mihogo na wa mahindi. Wa huku wanapenda mahindi meupe peke yake. Mwombe mama akufundishe vipimo vyake kwa mbabula yako, mwiko mkononi mwake. Atakukosoa. Atakuambia maji yako hayajachemka. Mwache akukosoe.

Jirani yangu ana ukuta mrefu, waya wa umeme na mbwa. Ni mfanyabiashara wa kigeni. Naanzaje?

Anza na sentineli, mlinzi wa lango. Yupo pale kwenye kiti cha plastiki usiku na mchana, na wengi wanaopita wanamwita “wewe”. Muulize jina, mpelekee chai ya moto mwezi wa Juni baridi linapouma. Kama mwenye nyumba hatafungua lango maisha yake yote, wewe tayari una jirani, naye ni yule sentineli, si njia ya kumfikia tajiri.

Mwenye nyumba akionekana, msalimie kwa Kiswahili. Wachina, Wahindi na Walebanoni wa mji huu wengi wanaelewa zaidi ya wanavyoonyesha. Usiombe kazi katika mazungumzo ya kwanza. Hata ya tatu.

Mtoto wa jirani ameitwa mchawi, amefukuzwa, anakuja kula kwetu. Tunaogopa.

Mlisheni. Kisha, siku hiyo hiyo, msikae na siri hiyo peke yenu: mwambieni chefu wa avenue, mwende na shahidi kwenye ofisi ya komini ya mambo ya jamii, mtafute bibi au shangazi aliye tayari kumpokea. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtesa na kumtupa mtoto, na inataja waziwazi tuhuma za uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 imeweka adhabu. Msimpeleke kwa mtumishi atakayemfungisha siku nyingi bila chakula ili “amtoe roho”. Tunajua baadhi ya tuhuma hizi zilizaliwa kwenye madhabahu, na Mkristo anayesema ukarimu ni jambo la chai tu hajakutana na mtoto huyu mlangoni saa mbili usiku.

Mume wangu hataki wageni.

Muulize ni wageni au ni gharama, au ni yule mgeni mmoja aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi. Mkikubaliana jioni moja kwa mwezi, chai na kalanga, wageni wakaondoka kabla ya saa mbili, wengi wanalainika. Usimwalike mtu kwa siri. Mwenye nyumba aliyeshtukizwa hawi mkarimu, na mgeni anaona.

Je, mambo haya si mtindo wa wazungu, au wa makanisa mapya?

Miaka ya 1950, wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi na wake zao walianza kutembeleana nyumba kwa nyumba pamoja na padri Mfransisko wa Ubelgiji, Placide Tempels. Walizungumza uzima, uzazi na mapendo, kwa Kiswahili, mume na mke wakikaa pamoja. Wakaitwa Jamaa, wakaenea kambi za migodi hadi huku. Baadaye yalizuka mabishano na maaskofu, na si kila kilichofundishwa tungekirudia. Lakini watu wa Katanga walijua kukaa chini kwa mwenzao kabla ya semina yoyote.

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo nao walichagua jumuiya ndogo, na leo shirika linakutana kwenye nyumba za wanachama. Udhaifu wake tunauona: linakutana ndani, lango limefungwa, jirani anasikia nyimbo na kuona viatu tu. Toeni viti nje. Mkimaliza sala, kaeni kidogo.

Nimemwalika jirani mara mbili, yeye hajawahi kunialika. Niendelee?

Huenda nyumba yake ina viti viwili na watu saba. Usimngojee akuite ndani. Pita siku moja unapotoka kazini, umwambie una kiu, unywe maji yake hapo langoni mkiwa mmesimama. Hiyo ni zamu yake, ihesabu. Mara ya tatu ukimwita, mwambie alete chumvi au pilipili.